Ua la Arafa Chini ya Barafu

Watu wengi hudhani barafu ya uwanja wa magongo humwagwa mara moja, kama maji kwenye trei ya friji, kisha ikaachwa igande. Nami nilidhani hivyo hadi nilipopata kazi ya ulinzi katika ukumbi wetu, ulio kusini mwa Doha, njia ya kwendea Al Wukair. Barafu hujengwa. Chini kuna sakafu ya zege, na ndani ya zege mna mabomba membamba yaliyolala sambamba kama miyaa ya mkeka, yakipitisha maji ya dawa yasiyoganda, baridi kuliko barafu yenyewe. Juu ya zege hiyo watu hutembea na mpira wa maji wakinyunyiza manyunyu mepesi, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikisubiri ya chini yake ishike. Ukiharakisha, inapasuka. Nje ya ukuta jua la Septemba linachoma mpaka paka wanagombania vivuli vya magari. Ndani, hatua chache tu kutoka pale, pumzi yako inatoka kinywani kama moshi.

Mimi bado sijazoea, na sitaki kuzoea. Binadamu walioingia jangwani wakaweka ziwa lililoganda, Alhamisi wakalifunika kwa mabamba na kusimamisha jukwaa, maelfu ya watu wakaimba na kurukaruka juu ya barafu isiyoyeyuka, halafu Jumamosi wakalifunua na kucheza tena juu yake, binadamu hao wanastahili kustaajabiwa. Na sisemi habari za wale ambao majina yao yamechongwa kwenye jiwe la mlango mkuu. Nasema habari za watu kama Arafa.

Arafa ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Mama yake ni mchoraji wa hina na piko, na mitaa ile hakuna bibi harusi anayetoka nje kabla mikono na miguu yake haijapita mbele ya mama huyo. Arafa alifunzwa kazi hiyo kabla hajafunzwa kupika. Alikuja Qatar kufanya kazi za nyumbani, mkataba ukaisha, akaajiriwa na kampuni ya usafi, na kampuni ikamleta kwetu.

Siku yake ya kwanza aliingia ukumbini taa zote zikiwa zimewashwa, akaona sakafu nyeupe inayong'aa kutoka ukingo hadi ukingo.

"Nilidhani ni marumaru," aliniambia baadaye, akicheka. "Nikamuuliza msimamizi, dekio liko wapi nianze? Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Basi nikatia mkono pale langoni nikaigusa. Mdogo wangu, ilinishika! Kama mtu aliyenishika kiganja akanambia, ngoja kwanza."

Tangu siku ile alitaka kitu kimoja: kufanya kazi ya barafu. Lakini sheria ya ukumbi ilikuwa wazi. Wafanya usafi hawakanyagi barafu. Kazi yao ni viti, vyoo, korido, na ule ukuta wa kioo unaozunguka uwanja, ambao kisahani cheusi cha mchezo huugonga na kuuachia alama kama za masizi. Arafa alikuwa akifuta kioo kile polepole kuliko wenzake wote, kwa sababu kupitia kioo aliweza kuwaangalia watu wawili wakifanya kazi: Philip na Levis.

Philip ndiye mkuu wa barafu, Mkanada mwenye nywele nyeupe na maneno machache. Baba yake naye alikuwa mtengeneza barafu. Levis ni Mkenya wa Njoro. Yeye huendesha ile mashine kubwa inayokwangua uso wa barafu uliochanika na kuacha nyuma yake utepe wa maji yanayoganda papo hapo na kung'aa kama kioo kipya. Mara ya kwanza kuiona ikifanya hivyo nilisahau kufungua lango la uwanja, ambalo ndilo lindo langu.

Levis alikuwa akiisimamisha mashine karibu na kioo kila alipomwona Arafa.

"Dada wa Tanga! Unaangalia barafu ama unaniangalia mimi?"

"Nikuangalie wewe nipate nini? Naangalia kazi."

"Hii si kazi, hii ni ukulima. Kwetu nililima ngano na trekta. Huku nalima maji."

"Basi shuka, nami nilime."

"Uliza mzee. Mimi ni dereva tu."

Akamwuliza mzee kweli. Philip alikuwa akinywa kahawa langoni kwangu, kwa hiyo nilisikia. Arafa akamwambia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba anataka kujifunza.

"Unajua nini kuhusu barafu?" Philip akauliza.

"Sijui kitu. Ndiyo maana nimesema kujifunza."

Philip alitabasamu, bila dharau. Akaeleza kwamba wafanya usafi wana mkataba wao na timu ya barafu ina wake, na ingawa timu ilikuwa na upungufu wa mtu mmoja, ofisini hawangekubali kumhamisha mtu kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila sababu. "Nahitaji kitu cha kuwaonyesha," alisema. Damu yangu ilichemka. Mtu anasimama mbele yako akitaka kujua, na bado inatafutwa sababu! Lakini Arafa alishukuru, akachukua kitambaa chake, akarudi kwenye kioo.

Ijumaa, siku yake ya mapumziko, chumba chake na wenzake katika mtaa wa Najma kiligeuka saluni. Walikuja Wasudani, Wasomali, Wakenya, Wazanzibari, hata Wahindi wa ghorofa ya juu. Wengine walikuwa maharusi, wengine wanasafiri kwenda likizo na hawakutaka kufika kwao mikono mitupu kwa maana zote mbili. Nilipita pale mara moja kupeleka mzigo nikaona jinsi anavyofanya. Anachora kwa koni ya plastiki, bila kielelezo, mkono haukatiki. Hina ikianza kukauka anachovya pamba kwenye maji ya ndimu yaliyokorogwa na sukari, anaigusisha juu ya mchoro taratibu. Sukari inaifanya ishike kwenye ngozi, ndimu inaifanya ikolee. Mama yake alimwambia tangu utotoni kwamba hina isiyo na ndimu na sukari ni matope tu.

Mwezi ule tukapewa mashindano ya klabu za Ghuba. Nembo ya mashindano hutandikwa katikati ya uwanja chini ya barafu ikiwa imechapwa kwenye kitambaa maalumu, na kitambaa chenyewe kilikuwa kimekwama forodhani. Barafu ilikuwa ikijengwa upya, na tabaka nyeupe ya rangi ilikwishapakwa. Philip alikuwa akizunguka pale katikati, mikono kiunoni, akitazama ule weupe mtupu.

"Mzee," Levis akasema, "si umwambie huyu dada achore? Huyu huchora wanawake wote wa Najma. Wanapiga foleni kama ya hospitali."

Philip akaja hadi kwenye kioo. Akamwashiria Arafa auonyeshe mkono wake. Kiganjani mwake kulikuwa na ua la wiki iliyopita, limeanza kufifia.

"Unaweza kuchora hili kwa brashi, kubwa?"

"Kubwa kiasi gani?"

Philip akatembea akizunguka, akichora duara hewani kwa mkono ulionyooshwa. Lilikuwa pana kuliko chumba chote cha Najma.

"Naweza."

Basi Philip akamweleza masharti. "Rangi hii na maji baridi. Nyembamba. Basi. Likitoka vizuri nitakuwa na kitu cha kuwaonyesha ofisini, na ile nafasi ni yako. Likiharibika, wataniuliza nani alimruhusu mfanya usafi akanyage barafu. Sitakuwa na jibu, na wewe hutaingia humu tena. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Alichora mchana kutwa. Walimwekea ubao juu ya ndoo zilizopinduliwa ili joto la mwili wake lisiguse barafu, naye akalala kifudifudi juu ya ubao huo, koti la kuazima likimfunika hadi magotini, ushungi umekazwa shingoni. Nilikuwa langoni, na kwa muda mrefu sikusikia sauti yoyote ila mngurumo wa mitambo chini ya viti na mkwaruzo wa brashi. Alianza na kitone cha katikati, kile ambacho mchezo huanzia. Akakizungushia petali, petali zikazaa majani, majani yakajikunja kuwa vikorosho kama vya kwenye kanga, bluu na nyekundu ya zambarau, kila kimoja kikimgeukia mwenzake. Hakufuta hata mstari mmoja. Mafundi wa taa waliokuwa wakifunga vyuma vya tamasha huko juu waliacha kugonga. Mmoja baada ya mwingine wakakaa ukingoni mwa njia yao ya chuma, miguu inaning'inia, wakitazama chini jangwa jeupe likichanua.

Alipomaliza alikaa juu ya ubao. Akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa kichupa na kipande cha pamba, akaanza kuligusagusa ua lile, petali kwa petali, taratibu, kama anavyofanya Najma. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu, wala sikuona ajabu. Nani amfundishe fundi namna ya kumaliza kazi yake? Philip alikuwa upande wa pili, ameinama, akitandaza mstari mwekundu wa goli.

Alipokuja kuliona ua, Philip alivua kofia.

"Baba yangu alitengeneza barafu maisha yake yote," alisema. "Hakuwahi kuona kitu kama hiki."

Siku zilizofuata yeye na Levis walinyunyiza maji juu yake, tabaka baada ya tabaka, mpaka ua likazama. Sikuwahi kuona kitu kilichokuwa karibu na mbali kwa wakati mmoja namna ile. Ukisimama juu yake ulihisi uko angani, unaangalia bustani iliyo chini ya maji matulivu. Wafanyakazi waliokuwa hawajawahi kutazamana usoni walikuja kupiga picha pamoja. Arafa alikuja pia, lakini alibaki nyuma ya kioo, maana kazi ya kuchora ilikwisha na sheria ilikuwa palepale.

Asubuhi ya mechi ya ufunguzi Levis alitoa mashine kwa mkwanguo wa mwisho. Alipofika katikati alifunga breki ghafla.

"Mzee! Mzee, kuja uone!"

Ganda la barafu lilikuwa limenyanyuka nyuma ya kisu cha mashine kama utando wa maziwa yaliyochemka. Chini yake hapakuwa na barafu, palikuwa na rojo. Philip alipiga magoti, akachovya kidole. Nilimwona akilaza kiganja juu ya pale palipochanika, kama daktari juu ya kifua cha mgonjwa.

"Bomba," alisema.

Maji yale ya dawa yanayopita ndani ya zege hayagandi. Yakivuja, barafu iliyo juu yake haishiki kamwe. Dawa yake ni kuzima baridi, kuyeyusha uwanja mzima na kuvunja zege kulitafuta tundu. Maana yake mechi ya leo haipo. Tamasha la Alhamisi, lililokwisha kuuzwa tiketi hadi viti vya juu kabisa, halipo. Pengine msimu mzima haupo. Philip alichukua redio akaita ofisini. Dakika hiyohiyo nikapewa amri niwafikishie wenzangu wa lango la nje: basi za timu zisiingie, zisubiri barabarani.

Arafa alikuwa akifuta kioo. Aliona watu wamekusanyika juu ya ua lake, akaona petali imechanika, kitambaa kikamwanguka. Alikuja hadi langoni akasimama kando yangu. Levis alikuwa anatoka na ndoo ya lile rojo kwenda kulimwaga, uso umekunjamana.

"Kuna nini, Levis?"

"Bomba limepasuka, dada. Tumekwisha."

Ndoo ilipita karibu yake. Arafa alinusa. Nilimwona akinusa, kisha akasimama kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyemwona. Akachovya kidole ndani ya ndoo, akakitia kinywani.

"Usilambe!" Philip alipaza sauti kutoka katikati ya uwanja. "Tema! Ni sumu hiyo!"

"Si sumu," Arafa akasema, polepole. "Ni ndimu."

Nataka msomaji aelewe jambo hili. Mpaka pale hakuna aliyekuwa akimshuku. Kama angenyamaza, mafundi wangekuja na mashine zao, wangevunja zege, wasingeona tundu lolote, lawama ingekwenda kwa kampuni fulani iliyojenga sakafu miaka mingi iliyopita. Angebaki mchoraji wa lile ua zuri lililoharibiwa na bomba. Nafasi ya timu ya barafu angeipata. Nilimtazama, nikajua kwamba naye anayajua hayo yote.

Alivuka lango. Alikanyaga barafu kwa viatu vyake vya kazi vya mpira, bila ruhusa ya mtu, akateleza, akajishika, akaendelea.

"Mzee Philip. Bomba lako ni zima. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilipaka sukari na ndimu juu ya rangi."

"Sukari?"

"Ili ua likolee."

Levis alikuwa ameganda na ndoo yake.

"Sukari? Kwa barafu?" akasema. "Dada! Umetupikia aiskrimu?"

Hakuna aliyecheka. Philip alichota lile rojo, akalinusa. Akaligusisha kwenye ncha ya ulimi, akatema, akaonja tena, akafumba macho. Alipoyafumbua hayakuwa na hofu tena. Yalikuwa na hasira.

"Nilisema rangi na maji. Basi."

"Ulisema, na nilisikia," Arafa akajibu. Hakuinamisha kichwa. "Kwetu hina haimaliziki bila sukari na ndimu. Sikuona kama naongeza kitu. Niliona namaliza kazi. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Barafu si ngozi, Arafa. Maji yenye sukari hayataki kuganda."

"Sasa najua."

Philip akainua redio. Akaita ofisini, akawaambia mafundi wa mabomba wasiitwe tena, basi za timu ziingie, mechi ipo. Walimwuliza tatizo lilikuwa nini. Alimwangalia Arafa, akajibu, "Kosa la uchoraji. Nalishughulikia." Akaizima.

Arafa aligeuka kurudi langoni.

"Unakwenda wapi?" Philip akauliza. "Sukari ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi shika koleo."

Ua lilipaswa kuondoka lote, kwa sababu alikuwa ameligusa lote kwa pamba ile. Walikata duara kuzunguka petali za mwisho, wakaanza kuchimba. Nimeona watu wakibomoa nyumba zao wenyewe kwa amri ya serikali, na nyuso zao zilifanana na uso wa Arafa asubuhi ile. Alikwangua vikorosho vyake kimoja kimoja mpaka zege ikaonekana, kijivu, ikitoa mvuke.

"Pole, dada," Levis akamwambia, safari hii bila mzaha.

"Pole ya nini? Hata hina huondoka." Akatupa koleo zima la petali ndani ya ndoo. "Ila si kwa koleo."

Waliosha pale kwa maji ya moto, wakafyonza, wakaosha tena hadi Philip alipopiga magoti, akanusa zege na kuridhika. Ikabidi sasa kuijenga barafu upya kwa haraka, nayo haipendi haraka. Walijaza shimo kwa chenga nyeupe zilizokwanguliwa na mashine, wakazikoroga na maji na kuzishindilia kwa viganja. Levis akaleta mitungi ya gesi ya kuzimia moto. Alipofungua wa kwanza, wingu jeupe lilitoka likinguruma, likatambaa juu ya uwanja na kuwafunika wote watatu hadi viunoni, na kila lilipogusa, maji yaligeuka jiwe. Mimi ni mtu niliyesoma chuo, najua gesi ni nini na baridi ni nini. Bado nywele zilinisimama. Wingu lilipopungua, pale palipokuwa na shimo palikuwa na weupe mtupu.

Philip alimpa Arafa brashi ndogo na kikopo.

"Kitone tu. Rangi na maji."

"Basi," Arafa akasema.

Alikipaka kitone cha katikati, cha bluu, bila hata jani moja. Wakaanza kunyunyiza, manyunyu mepesi, kisha kusubiri, kisha manyunyu tena.

Katika kusubiri huko Arafa alikuja koridoni akampigia mama yake, simu kaiweka sauti ya juu kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi, hawezi kuishika sikioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ua lako linaonyeshwa saa ngapi? Hapa nimekwishaita majirani."

"Mama, ua halipo. Nililitia sukari na ndimu."

"Kwenye barafu?"

"Kwenye barafu."

Kicheko kilichotoka kwenye simu ile kilijaza korido. "Arafa wee! Yaani nimekupeleka Uarabuni ukatengeneze lambalamba!" Nyuma yake majirani nao wakasikika wakipasuka. Arafa mwenyewe akacheka, machozi yakimtiririka, mara ya kwanza siku ile. Kisha sauti ya mama ikabadilika. "Na kazi je? Ile uliyokuwa unaitaka?"

"Sijui, mama. Hajasema kitu."

"Ulijisemea mwenyewe, au walikugundua?"

"Nilijisemea."

"Basi usiondoke hapo. Mwache aseme, aseme akikutazama."

Jioni ukumbi ulijaa. Nimeuona ukijaa mara nyingi, na bado sijazoea. Taa zinazimwa, maelfu ya watu wanashusha sauti pamoja, halafu mwanga mmoja unaangukia barafu na ukumbi mzima unawaka kutoka chini, kana kwamba mwezi umelazwa sakafuni. Wachezaji walitoka kasi, visu vya viatu vyao vikikwaruza kwa sauti ya kitambaa kipya kinachochanwa. Wawili wakainama uso kwa uso juu ya kitone cha bluu. Philip alikuwa langoni, amekamata ukingo wa kioo kwa mikono miwili. Arafa alikuwa nyuma yake hatua moja, bado kavaa sare ya usafi. Mwamuzi akaangusha kisahani.

Magongo yaligongana, visu vikachimba, watu wazima wenye uzito wa magunia wakajitupa pale pale katikati, tena na tena. Kila walipopita Arafa alifumba macho.

Kipindi cha kwanza kilikwisha. Wachezaji wakaingia ndani, Levis akawasha mashine. Kabla haijatoka, ni desturi mtu wa timu ya barafu aingie kukagua uso wa uwanja, ajue wapi pamechimbika. Philip huifanya kazi hiyo mwenyewe siku zote. Safari hii hakuingia. Aligeuka akamtazama Arafa.

"Nenda ukaangalie katikati."

"Mimi?"

"Wewe."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Wamekuja kuangalia magongo. Hawakuangalii wewe."

Lakini walimwangalia. Mwanamke wa sare ya bluu na ushungi, akitembea peke yake katika weupe ule mpana chini ya taa zile zote, hatua fupifupi, mikono kaiachanisha kidogo kwa ajili ya mizani. Watoto walimwonyesha kwa vidole. Kelele za vitini zilipungua, sijui kwa nini, mpaka nikasikia viatu vyake. Alifika katikati, akapiga magoti. Akakandamiza kwa dole gumba, hapa, pale, kando ya kitone, juu ya kitone. Akasubiri. Akakandamiza tena. Kisha akatia dole gumba kinywani, na watazamaji wa viti vya karibu wakacheka kwa mshangao. Yeye hakuwasikia. Akainua mkono juu.

"Imeshika?" Philip akamwuliza aliporudi, ingawa alikuwa ameuona mkono.

"Imeshika. Haina ladha yoyote."

"Vizuri. Kesho njoo kwangu, usiende kwa msimamizi wa usafi. Alhamisi kuna tamasha, tuna uwanja mzima wa kufunika. Ofisini nitasema nao."

"Utawaonyesha nini? Ua halipo."

"Nitawaambia kuna mtu aliyeniambia ukweli kabla sijavunja sakafu yao," Philip akasema, kisha akampungia Levis mkono atoke.

Mashine ilipita mbele yetu, ikatandaza utepe wake wa maji, na maji yale yakaganda yakawa kioo. Arafa aliegemea lango kwa upande wa ndani, upande wa barafu, kiganja kilicho wazi kimelala juu ya ubaridi wa kioo. Nilingoja arudi nyuma ya kioo, kwa mazoea. Hakurudi.